Maisha ya Sven Wingquist, Fundi wa Gololi

Kila mtoto wa Tanga aliyepata kufungua gurudumu la baiskeli anazijua gololi. Lakini ni wachache kati yetu wanaolijua jina la fundi aliyezipanga kwa namna mpya, hata viwanda vya nchi nyingi vikapata nafuu. Basi, wasomaji wetu, yafuatayo ni maisha yake kwa kifupi.

Sven Wingquist alizaliwa tarehe 10 Desemba 1876 katika mji mdogo wa Hallsberg, nchi ya Uswidi. Alijifunza ufundi katika mji wa Örebro, kisha akasomea kazi ya nguo. Mwaka 1899 aliajiriwa na kiwanda cha nguo cha Gamlestaden, mjini Göteborg, na kazi yake ilikuwa kuangalia mitambo.

Siku hizo si kila mashine iliyokuwa na mota yake. Shafti ndefu ya chuma ilipita chini ya dari, na mikanda ikashuka kutoka hapo kuzungusha mashine. Bahati mbaya, kiwanda kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Udongo ulititia, jengo likasogea, shafti zikaenda upogo. Beringi za wakati ule zilitaka shafti iliyonyooka kabisa, kwa hiyo zilipata moto, zikasagika na kuvunjika. Kila beringi ilipokufa, mashine zilisimama, na nyingine ikangojwa kutoka Ujerumani.

Mtu mwingine angebadilisha tu na kunyamaza. Wingquist aliuliza sababu. Aliona kwamba ardhi haitatulia kwa amri ya mtu, basi heri beringi yenyewe ikubali kuinama. Mwaka 1907 alitoa beringi yenye safu mbili za gololi. Pete yake ya nje ilichongwa kwa ndani kama kipande cha tufe, ili pete ya ndani pamoja na gololi ziweze kuinama huku na huku bila kukwama. Mwaka huo huo kampuni ya SKF iliundwa, naye akaiongoza hadi 1919. Hata jina la Volvo, ambalo kwa Kilatini maana yake ni naviringika, lilianzia katika kampuni hiyo kabla ya kuwa jina la motokaa mwaka 1927. Wingquist alifariki Aprili 1953.

Maisha haya yana faida gani kwetu? Majumbani mwetu mna mota ndogo za feni na za cherehani, na wengine wetu hujifunzia ufundi kwa mota kuukuu. Feni ikianza kunguruma, mara nyingi hutupwa, kumbe kilichokwisha ni beringi ndogo tu. Baadhi ya mota hizi zina beringi ya safu moja ya gololi, isiyoweza kuinama kama ile ya Wingquist. Kwa hiyo inataka uangalifu zaidi.

Kwanza ondoa umeme kabisa. Zungusha shafti kwa vidole: ikikwaruza au kucheza, beringi imekwisha. Soma namba iliyo ubavuni mwake. Kwa mfano, 608 ina tundu la milimita 8, upana wa nje milimita 22 na unene milimita 7. Itoe kwa chombo cha kuvutia, si kwa nyundo. Unapoingiza mpya katika shafti, sukuma pete ya ndani tu. Ukisukuma ya nje, nguvu itapita katika gololi na kuharibu njia zake.

Lakini kabla ya kufunga mota, uliza kama alivyouliza Wingquist: ile ya kwanza ilikufa kwa nini? Huenda ni mchanga, huenda ni kutu iletwayo na hewa ya chumvi ya pwani yetu, mkanda uliokazwa mno, au shafti iliyopinda. Usipoondoa sababu, beringi mpya nayo itakufa upesi. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya ufa usiozibwa.