Maria Montessori na Watoto Walioitwa Watukutu

Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, mwaka 1870, akahitimu udaktari Roma mwaka 1896. Katika hospitali za wagonjwa wa akili aliwakuta watoto wenye upungufu wa akili wamefungiwa bila kitu cha kuchezea. Alisoma maandishi ya Itard na Séguin, akatengeneza vifaa vya kugusa na kupanga, na baadhi ya watoto hao wakafaulu mtihani wa kusoma na kuandika wa shule za kawaida. Akatambua kwamba walihitaji mwalimu kuliko dawa.

Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto San Lorenzo, mtaa wa mafukara wa Roma. Wazazi walishinda kazini, na wadogo walioachwa peke yao waliharibu jengo walimokaa. Montessori hakuwatafutia adhabu; aliwapa kazi: kunawa, kufunga vifungo, kupanga vitu. Tena masharti ya nyumba hiyo yalimtaka kila mama azungumze na mwalimu walau mara moja kwa juma juu ya mtoto wake. Hivyo mafunzo na malezi yakaenda pamoja.

Alifariki Uholanzi mwaka 1952. Nawe mwanachuo, umpatapo darasani mtoto aliyechelewa kusema au asiyetulia, usimwite mjinga wala mtukutu. Mchunguze kwanza akiwa kazini, kisha keti na mzazi wake. Mzazi anayo mengi ya kukueleza, nawe unao ujuzi wa kumsaidia.