Laennec, daktari aliyesikia moyo kupitia karatasi

Muuguzi akisimama karibu na mgonjwa mahututi, kitu anachotoa shingoni ni stetoskopu. Hapa kwetu hata watoto wanakijua. Kumbe kilianza na karatasi tu.

René Laennec alizaliwa mwaka 1781 kule Quimper, magharibi ya Ufaransa. Mama yake alikufa yeye angali mtoto mdogo, akaenda kulelewa na ndugu ya baba yake, daktari wa mji wa Nantes. Kisha akasomea udaktari Paris.

Mwaka 1816 alikuwa kwenye hospitali Necker. Akaletewa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kwa vile alikuwa mnene, kumgonga kifua kwa vidole hakukuonyesha kitu. Kumwekea sikio kifuani, kama madaktari walivyofanya mara nyingine, ilikuwa haya. Laennec akakumbuka kwamba ukikwaruza ncha moja ya mti mrefu kwa pini, mtu wa upande wa pili anasikia. Akakunja karatasi, akaikaza, akaweka upande mmoja kifuani na mwingine sikioni. Moyo ukasikika wazi kuliko kwa sikio tupu.

Baadaye akachonga mirija ya mbao kwa mikono yake. Lakini kwangu mimi, kazi yake kubwa si ule mrija. Aliandika kila sauti aliyosikia, na mgonjwa akifa alipasua maiti aone sauti ile ilitoka wapi. Kitabu chake kilitoka 1819.

Alikosea pia. Moyo una sauti mbili. Ya pili alidhani inatoka kwa vyumba vya juu vya moyo vikijikaza. Waliomfuata walionyesha kwamba ni vilango vya moyo vinavyojifunga. Na mambo ya kusikiliza mkononi wakati wa kupima nguvu ya damu yalikuja 1905 tu, na Mrusi Korotkov, kwa stetoskopu hiyo hiyo.

Laennec mwenyewe alikohoa miaka mingi. Mwaka 1826, akiwa amekonda sana, alimwomba Mériadec, mtoto wa ndugu ya baba yake, amsikilize kifua. Mériadec akasikia alama zile zile ambazo Laennec alikuwa ameziandika kitabuni: kifua kikuu. Alikufa tarehe 13 Agosti, akiwa na miaka 45. Stetoskopu yake alimwachia Mériadec.