Gideon Mantell na Jino Lililolika

Leo nawaletea maisha ya Gideon Mantell, daktari aliyesumbuliwa na jino ambalo hata halikuwa la mgonjwa wake.

Mantell alizaliwa mwaka wa 1790 mjini Lewes, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa fundi viatu. Alisomea udaktari, na kila alipopata nafasi alikusanya visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Kufikia 1822 alikuwa na meno ya ajabu kutoka machimbo ya Tilgate.

Hapa ndipo penye utamu. Jino moja lilikuwa kubwa, tena limelika juu hadi likawa bapa, kama la ng'ombe mzee. Lakini mawe yale yalikuwa ya zama za watambaazi, na mijusi wengi hawasagi chakula. Wao hukata na kumeza, na jino likichakaa hung'oka, jingine likaota. Sasa nani alilisaga hili? Mwaka wa 1823 rafiki yake, Charles Lyell, alilipeleka Paris kwa Georges Cuvier, bingwa wa mifupa. Cuvier akasema ni la kifaru. Mimi ningelitupa!

Mantell hakulitupa. Alienda London, kwenye makumbusho ya madaktari wapasuaji, na huko Samuel Stutchbury akamwonyesha mifupa ya iguana, mjusi wa Amerika anayekula majani. Kumbe! Meno ya iguana yana umbo la jani na kingo kama za msumeno, nayo hushikamana na upande wa ndani wa taya, hayazami katika mashimo kama yetu. Umbo lilikuwa lile lile, ila la Mantell lilikuwa kubwa mara nyingi zaidi. Basi huyu alikuwa mtambaazi mkubwa, mla mimea, na tena alitafuna! Cuvier mwenyewe alikubali kwamba alikosea. Mwaka wa 1825 Mantell akamtangaza mnyama huyo kwa jina Iguanodon, maana yake jino la iguana.

Sifa alipata, raha hakuipata. Nyumba ilijaa mawe, wagonjwa wakapungua. Mwaka wa 1838 aliuza mkusanyo wake kwa pauni 4,000, na 1839 mkewe, Mary Ann, akamwacha. Mwaka wa 1841 akaumia mgongo katika ajali ya gari la farasi. Wakati bado anaugulia, Richard Owen akabuni jina dinosaria mwaka wa 1842, na Iguanodon akiwa mmoja wao. Sifa nyingi zikaenda kwa Owen, jambo ambalo mimi naona si haki.

Mantell alifariki mwaka wa 1852 baada ya kunywa afyuni kupita kiasi kwa ajili ya maumivu. Kipande cha uti wake wa mgongo uliopinda kiliwekwa katika makumbusho yale yale ya madaktari wapasuaji, kikakaa humo miaka mingi.