Mtaalamu aliyewafanya wakulima kuwa walimu wake

Kila mvua za masika zinapokaribia, mazungumzo ya wakulima wetu huwa ni bei ya mbolea. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipita shilingi 6,000. Ninapoitafakari dhiki ile, humkumbuka Sir Albert Howard, Mwingereza anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa kilimo kisichotegemea kemikali.

Howard alizaliwa mwaka 1873 katika jimbo la Shropshire, mwana wa mkulima. Alisomea sayansi London na Cambridge, na mwaka 1899 akaenda visiwa vya Karibi kuchunguza kuvu zilizoshambulia miwa. Huko ndiko alikotambua aibu ya kazi yake: aliwashauri wenye mashamba ilhali yeye mwenyewe hakuwa na shamba la kuujaribia ushauri huo.

Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilimwajiri katika kituo cha utafiti cha Pusa, nchini India. Alitarajiwa kuwafunza wenyeji. Alipoyatazama mashamba ya jirani, aliona mimea isiyosumbuliwa sana na wadudu, ingawa wenyewe hawakuwa na dawa wala mbolea ya dukani. Basi akaamua kuwafanya wakulima hao, pamoja na wadudu wenyewe, kuwa walimu wake. Uamuzi huo, kwa maoni yangu, ndio uliomtofautisha na wasomi wengi wa zama zake, na wa zama zetu pia. Mkewe Gabrielle, mwanasayansi hodari, alishirikiana naye kwa miaka 25 hadi alipofariki mwaka 1930.

Mwaka 1924 walihamia Indore na kuanzisha taasisi mpya. Hapo Howard aliikamilisha njia ya kutengeneza mboji iliyompa jina. Mabua, majani na magugu yalipangwa kwa tabaka pamoja na samadi, udongo ulioloweshwa mkojo wa ng'ombe, na majivu. Rundo lilitiwa maji na kupinduliwa ili hewa ipenye, na kwa muda wa miezi mitatu hivi likawa mbolea. Kazi yote hiyo ilifanywa na kuvu na bakteria. Mwaka 1931 aliieleza njia hiyo katika kitabu alichoandika na Yeshwant Wad, kisha akastaafu.

Wengi wetu hatujui kuwa habari hizi zinatuhusu. Mnamo Februari 1933 njia ya Indore ilianza kutumiwa katika shamba la kahawa la Kingatori, Kiambu, na Howard mwenyewe aliiona kazi hiyo ikianza alipokuwa akizuru Afrika. Mwaka uliofuata alitunukiwa cheo cha Sir. Kitabu chake mashuhuri zaidi, An Agricultural Testament, kilitoka mwaka 1940, na akafariki mwaka 1947.

Simchukulii Howard kuwa mtume. Aliamini kuwa karibu kila ugonjwa wa mimea hutokana na udongo dhaifu, na hapo alipita kiasi. Viwavijeshi vamizi vilivyogunduliwa nchini mwaka 2017 havikubagua shamba lenye rutuba na lisilo nayo. Tena mboji hudai jasho na samadi, na si kila mwenye robo ekari ana ng'ombe.

Hata hivyo, msingi wa hoja yake haujatikisika. Mbolea ya chumvichumvi hulisha mmea wa msimu mmoja, lakini mboji huulisha udongo wenyewe. Katika sehemu kadhaa za magharibi mwa nchi, kutumia DAP mwaka baada ya mwaka kumeongeza asidi udongoni, na mkulima hulipa zaidi ili avune kidogo. Wakati huohuo tunachoma mabua ambayo yangeirudishia ardhi uhai.

Sisemi mifuko ya mbolea itupwe kesho. Nasema afisa wa kilimo anayefika kijijini kugawa vocha za ruzuku afunze pia kupanga rundo la mboji, tena aanze kwa kuwauliza wazee walikuwa wakiirutubishaje ardhi ile kabla ya maduka kuja. Waliotutangulia walisema tusiache mbachao kwa msala upitao.