RAMADHANI, SIKU YA 12: Ibn Sirin, mtu wa ndoto aliyemwaga mafuta

Mwezi huu usingizi wetu unakatikakatika: tarawehe, daku, kisha tunajilaza tena baada ya Alfajiri. Ndoto zinakuwa nyingi, na maswali yake ni mengi. Basi leo tumsome yule ambaye kila ndoto ikitajwa na jina lake hutajwa, Muhammad Ibn Sirin wa Basra, Iraki.

Alizaliwa karibu mwaka 33 Hijria. Baba yake alikuwa mateka wa vita, akawa mtumwa wa sahaba Anas bin Malik, wakaandikiana akajikomboa. Mama yake, Safiya, aliachwa huru na Abubakar. Kijana akawa muuza nguo, mzito wa masikio, na elimu aliichota kwa masahaba wenyewe. Alikuwa anafunga siku moja, anakula siku moja, na siyo Ramadhani tu.

Sasa sikilizeni habari ya mafuta. Inasimuliwa alinunua mafuta kwa deni la dirham 40,000. Chombo kimoja kikakutwa na panya aliyekufa. Akahofia panya yule ameingia tangu kwenye kinu, kwa hiyo akamwaga mafuta yote. Wauza mawese wa hapa njiapanda mnanielewa: dumu moja lingewekwa pembeni, mengine yangeenda sokoni, na nani angejua? Yeye alimwaga, akashindwa kulipa, akafungwa.

Mlinzi wa gereza alimhurumia, akataka awe analala kwake na kurudi asubuhi. Akakataa, asije akamsaidia mwenzake kuvunja amana. Anas alipofariki alikuwa ameusia kwamba Ibn Sirin ndiye amuoshe. Amiri akaruhusu, lakini Ibn Sirin hakutoka mpaka anayemdai naye aridhie. Akaosha, akakafini, akaswalia, akarudi gerezani moja kwa moja. Hata nyumbani kuwaona watoto hakupita.

Huyu ndiye watu waliyempelekea ndoto zao. Na kabla ya ndoto alimtazama muotaji. Kisa maarufu ni cha watu wawili walioota kitu kilekile, wanaadhini. Mmoja akaambiwa atahiji, mwingine akaambiwa atakatwa mkono. Wa kwanza alimuona na alama za kheri, akakumbuka tangazo la hija katika Suratul Hajj. Wa pili hakuridhika na hali yake, akakumbuka Surat Yusuf, pale mnadi alipouita msafara kuwa ni wezi.

Mara nyingi lakini hakutafsiri kabisa. Alimwambia mtu amche Mungu akiwa macho, alichokiona usingizini hakitamdhuru. Ni yeye pia aliyepokea kwa Abu Huraira kwamba ndoto ni za aina tatu: bishara kutoka kwa Allah, vitisho vya shetani, na yale mtu anayojisemesha mwenyewe. Ile mbaya, Mtume (S.A.W) ametufundisha tuombe kinga kwa Allah na tusimsimulie mtu. Kwetu huku tunafanya kinyume! Mtu kaota shangazi anamlisha nyama, asubuhi yuko kwa mtabiri, jioni udugu umekwisha, na shangazi wa watu hajui hata kosa lake.

Kile kitabu cha tafsiri za ndoto chenye jina lake hakukiandika yeye, wanachuoni wamelibainisha hilo. Jina kubwa hubebeshwa mengi. Hata ule ujumbe wa ndoto ya Sheikh Ahmad wa Madina unaotumwa kwenye simu ni wa zamani jamani: mwaka 1908 ulizunguka Lindi kwa barua, mpaka Wajerumani wakaingiwa na hofu.

Ibn Sirin alifariki Basra mwaka 110 Hijria, siku 100 baada ya Hasan al-Basri. Aliacha deni la dirham 30,000. Mwanawe Abdullah akalilipa lote.

Kesho inshaallah tumsome dada yake, Hafsa bint Sirin.