Ravidas: Mshona viatu aliyewafunza makuhani

Wahenga walinena kuwa kazi mbi si mchezo mwema. Hata hivyo, si ajabu katika shule zetu, kuanzia Siongiroi hadi kwenye mashamba ya michai ya Kericho, kumwona mwanafunzi mkosaji akikabidhiwa jembe kama adhabu. Je, mtoto huyo atamheshimuje mamaye anayechuma majani chai, au babaye anayekamua ng'ombe alfajiri? Swali hili lalijibiwa na maisha ya Ravidas, malenga na mtakatifu wa Kihindu.

Ravidas aliishi Varanasi, kando ya mto Ganges nchini India, yapata karne ya 15. Alizaliwa katika tabaka la Chamar, watengenezaji wa ngozi na viatu. Kwa kuwa walishika mizoga ya wanyama, watu hao walihesabiwa kuwa najisi. Walizuiwa kuingia mahekaluni, na kuwagusa tu kulidhaniwa kuwa unajisi.

Ravidas hakuikimbia kazi hiyo wala kuificha asili yake. Aliendelea kushona viatu huku akitunga nyimbo za kumsifu Mungu kwa lugha ya watu wa kawaida, si Kisanskriti cha makuhani. Ndani ya nyimbo hizo alilitaja tabaka lake waziwazi. Alifunza kuwa Mungu hatazami ukoo wa mtu, na kuwa unajisi umo moyoni wala si mkononi. Mapokeo yasimulia kuwa, kwake yeye, mwenye moyo safi hahitaji kuoga katika Ganges. Maji ya bakuli la kulowekea ngozi yamtosha. Mapokeo hayo yamtaja pia Mirabai, malenga wa ukoo wa kifalme, kuwa mwanafunzi wake.

Wimbo wake mmoja wausawiri mji wa Begampura, usio na huzuni, kodi wala raia wa daraja la pili. Karne nyingi zilipita kabla ya Katiba ya India ya mwaka 1950 kupiga marufuku utengaji wa matabaka hayo. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuiandika, alitoka katika tabaka lililotengwa, na kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu watu hao alikitunuku kwa Ravidas na wenzake wawili.

Sauti ya Ravidas haiko mbali nasi. Nyimbo zake zipatazo 40 zimo katika Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga, kilichokusanywa mara ya kwanza mwaka 1604. Kitabu hicho husomwa katika hekalu lao mjini Kericho, ambako wageni wa kila dini na kabila hulishwa bila malipo. Wakiinama mbele yake, waumini huyainamia pia maneno ya mshona viatu.

Najua walimu watauliza: viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, sasa tumrudi mtoto kwa nini? Na tutafute njia nyingine, lakini tusilifanye jembe kuwa fimbo. Mwalimu na alishike yeye mwenyewe, alime pamoja na wanafunzi wake, watiifu kwa wakosaji. Nanyi wanafunzi, msiionee haya mikono ya wazazi wenu iliyochakaa kwa kazi. Ndiyo iliyowalipia karo.