Usuli wa Kihistoria: Harry Thuku (1895–1970)

Harry Thuku alizaliwa Kambui, kaskazini-magharibi mwa Ruiru. Alisomea misheni ya hapo, kisha akafanya kazi ya simu katika idara ya hazina, Nairobi.

Wakati huo mashamba ya walowezi ya kahawa na mkonge yalikuwa yametanda upande wa Ruiru na Thika. Vibarua walivishwa kipande shingoni na kutozwa kodi ya nyumba. Mwaka wa 1921 walowezi waliazimia kupunguza mishahara yao kwa thuluthi moja. Thuku aliunda chama kupinga dhuluma hizo, hasa wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi mashambani.

Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulifurika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Wanaume waliposita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta. Naye akapigwa risasi, akafa. Serikali ilihesabu maiti 21. Thuku alihamishwa hadi Kismayu bila kushtakiwa, akakaa uhamishoni takriban miaka 9.

Aliporejea alishika njia ya sheria. Mwaka wa 1952 aliwakemea Maumau redioni, huku vijana wakiingia msituni. Alizeeka akikuza kahawa Kambui. Kwa wengi, shujaa alikuwa amegeuka msaliti.

Zingatia: mhusika asihukumiwe kwa tendo moja.

Swali: Risasi za 1922 zisingefyatuliwa, je, vita vya 1952 vingeepukika? Tetea jibu lako. (alama 4)